Siku Nilimushitaki Chef Wangu kwa Baba Yake

Masika, mutoto wangu,

Mama yako amekwisha kumaliza maneno yote ya safari. Ninamusikia tangu asubui: foulard ya kichwa, dawa ya malaria, usipande moto, ile pikipiki, na mutu mwenye haumujue, ukifika upige simu, na ukikawia kupiga ni yeye atapiga. Donc kwa ile upande sina kitu ya kuongeza. Hata sijui shuka zako ziko mu valise gani. Mie niko na neno moja tu, na ni neno ya kazi. Ninakuandikia juu nikianza kuisema kwa kinywa, nitapandisha sauti kama vile niko ku mikro, wewe utacheka, mama yako atasema "Kasereka, batu banalala," na neno itapotea.

Leo, wakati ulikuwa umeenda kuaga bashangazi zako kule Mususa, Muzee Kakule alikuja. Ndiyo, yule yule wa Beni, ile sauti yenye inasomaka komunike, matangazo ya vilio, asubui, mutu mwenye utaanza kuwa chef wake, mukubwa wake wa kazi ku radio ya kule, juma hii. Alipanda moto tangu Beni, vumbi yote ya barabara ilikuwa ku koti yake. Na alileta jogoo. Ile jogoo yenye ulikuta imefungwa ku mulango ya kikoni, ukauliza ni ya nani, na mie nikajifanya nimekuwa kiziwi, njo yake.

Tuliketi. Tukaulizana habari ya batoto, ya mashamba, ya mvua. Kisha akavua kofia, akaiweka ku magoti, na mie nikajua neno imefika.

"Kasereka," alisema, "nimesikia direction ya radio inataka kunikata saa yangu ya asubui. Banasema komunike zangu ni ndefu. Banasema ni mutoto wako njo anakuja na ile kazi mu mukono. Sasa wewe ni baba yake. Mutoto hawezi kukataa neno ya baba yake. Umuambie aniachie saa yangu."

Masika, unajua yule mutu ni nani kwangu. Mukate yote ulikula mu hii nyumba ilitoka mu kinywa yangu, na hii kinywa, ni yeye aliifundisha kusema. Nilimuomba anipatie nafasi ya kufikiri, nikamuambia nitamupigia simu mangaribi. Alienda kulala kwa dada yake, hapa hapa Butembo. Njo maana ku meza nilikuwa kimya, mupaka ukaniuliza kama radio iko na panne, imeharibika. Haikuwa panne. Nilikuwa nafikiri juu ya Kavira.

Unafikiri unajua mambo ya Kavira. Unajua nusu, na ni ile nusu yenye mie nilikuwa nasimulia na kucheka. Leo nitakupa yote.

Wakati direction ilimuweka Kavira kuwa chef wetu wa programme, wewe ulikuwa ungali ku masomo. Alikuwa na miaka ya kuwa mutoto wangu. Siku yake ya kwanza alipita akitusalimia mukono, mumoja mumoja, akianzia kwangu, na akaniita Papa, kama baba yake. Nilimupenda. Nilisema mu roho: huyu amelelewa na batu. Kisha, juma moja tu, technicien anaingia mu studio na simu yake mu mukono, anacheka. "Papa Kasereka, umeona? Komunike itasomwa sasa asubui, midi na mangaribi. Fupi fupi. Na batu banaweza kuzituma kwa simu." Umeona wapi? Mu groupe ya WhatsApp! Bote bamekwisha kusoma, hata sentinelle wa mulango amekwisha kuweka kidole juu, na mie, mwenye komunike, mie njo wa mwisho.

Aka! Damu ilinipanda mupaka ku masikio. Sisi tulilelewa ingine namna. Ukiwa na neno kwa mutu mukubwa, haumutupie mbele ya bote kama vile mahindi kwa kuku. Unakuja, unakaa, unauliza nyumbani banalalaje, unazunguka, unazunguka tena, na mukubwa mwenyewe anasikia harufu ya neno mbele ulitoe. Akipenda, anakusaidia kulitoa. Kavira hakuzunguka hata kidogo. Nilisema: huyu mutoto ananizarau.

Na unajua vile nilikuwa na sababu zangu. Hapa kwetu, ukisema tu "Kambale amekufa", nusu ya muji inaanza kulia, juu kila nyumba iko na Kambale wake, ni jina ya mutoto mwanaume wa pili. Njo maana nilikuwa nasoma majina yote: baba yake, mama yake, kijiji, bashemeji, mupaka mutu anajua kabisa ni kilio ya nani. Na simu, nilikuwa siitaki. Mbele ya Kavira kufika, mutu alitupigia simu na sauti ya huzuni, tukasoma, kumbe ule mutu tulimusoma alikuwa anauza maharagi yake ku soko, muzima. Muke wake alianguka palepale. Tangu ile siku nilikata shauri: karatasi, na mutu wa familia mbele ya macho yangu, bila hivyo sisomi. Kavira hakujua ile habari. Na mie sikumuambia. Nilingojea aje kuniuliza.

Bureau yake ilikuwa pembeni ya studio. Mulango kwa mulango. Ningegonga tu. Sasa mie nilifanya nini? Siku ya Mungu, nyuma ya misa, na koti yangu nzuri ku mwili, nilienda kumushitaki kwa baba yake.

Cheka, Masika, cheka. Mais unajua ni desturi. Mutoto wa mutu akikukosea haugombane naye, unaenda kuona muzazi wake, munaongea bakubwa kwa bakubwa, na neno inaisha. Nilijiona niko mu haki kabisa. Baba yake, Muzee Mbusa, alinipokea muzuri, tukakunywa kasiksi, ile pombe ya ndizi, nikatoa mashitaki yangu moja kwa moja. Alikasirika kuliko mie. Akaita: "Kavira! Kuja hapa!" Akatoka kikoni, mikono yake ingali na povu ya sabuni, alikuwa anaosha sahani. Chef wangu! Akasimama mbele yetu, macho chini.

"Huyu ni mukubwa wako ao rafiki yako?"

"Ni mukubwa wangu, papa."

"Muombe pardon."

Aliomba musamaha. Sauti yake ilikuwa kidogo sana. Mie nikatingisha kichwa kama hakimu, nikamalizia kikombe yangu, nikarudi nyumbani nikipiga muluzi mu njia. Mangaribi nikabasimulia ku meza, wewe ulikuwa nyumbani, mu vacance ya masomo. Mama yako alicheka kidogo. Wewe haukucheka. Uliweka kijiko chini, ukaniuliza: "Papa, chef wako, ulimushitaki kwa baba yake?" Nikakuambia ukule, chakula inapoa. Ile swali yako nilibaki nayo siku mingi, mais sikukuambia.

Kesho yake Kavira alibadilika. Kila kitu nilisema: "Ndiyo, Papa." Komunike irudie kusomwa ndefu? "Ndiyo, Papa." Mangaribi tu? "Ndiyo, Papa." Simu hapana? "Ndiyo, Papa." Mie nilikuwa mufalme. Nilikuwa naingia mu studio na tumbo mbele. Sikuona kama yule mutoto hakuwa ananikubali, alikuwa amenifunga mulango. Mutu mwenye anakupenda anabishana na wewe. Yeye aliacha kubishana.

Kisha ikakuja kilio ya Kambale wa Kasugho, mwenye alifia hapa muji. Karatasi yake ilikuwa muzuri, majina yote, na ilisema batamuzika siku ya tano ya juma. Mbele niisome mangaribi, Kavira alisimama ku mulango ya studio. "Papa, familia bamepiga simu. Maiti haiwezi kungojea, banazika siku ya ine." Sikugeuka hata kumuangalia. Nilimuambia: "Mambo ya kilio hatusomake mu simu. Baje na karatasi." Kisha: "Ndiyo, Papa." Na akaenda zake. Nikasoma siku ya tano, pole pole, na ile sauti yangu yenye batu banasifu.

Siku ya tano mama mumoja akaingia mu radio. Alikuwa na mukeka ku kichwa na kifurushi ya unga ya muhogo ya kupeleka ku matanga. Vumbi mupaka ku nyusi. Alikuwa ametoka kule Kasugho, kwa miguu na kwa moto, kuja kuzika kaka yake. Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha sauti.

"Ni nani alisoma ya kama tunazika leo?" aliuliza. "Nimefika, nimekuta udongo."

Masika, mie nilikuwa ku kiti, karibu naye vile mama yako yuko karibu na mie sasa. Na mbele nitafute neno, Kavira alisimama. "Ni mie, mama. Mie njo chef hapa. Kosa ni yangu."

Angeweza kuninyooshea kidole. Mutu yeyote angenyoosha. Alikuwa na haki, na alikuwa na batu ya kushuhudia. Mais alisimama mbele yangu kama vile mama anasimama mbele ya mutoto wake wakati jirani anakuja na fimbo. Niliona haya yenye sijaionaka tangu nizaliwe. Nikasimama, nikasema, "Mama, ni sauti yangu njo ulisikia."

Aliniangalia. "Ni wewe Kasereka wa radio?" Nikaitika. "Sisi kule tunakusikiaka kila siku," alisema. "Tulikuaminia." Na akainamisha kichwa na mukeka wake, akalia. Kavira alimushika mabega, akaenda naye mupaka kule ku kaburi, mie nyuma yabo.

Wakati wa kurudi nilimungojea Kavira nyuma ya nyumba ya radio, pale groupe électrogène, mashini ya umeme, inalalaka. Nilimuuliza, na nilimuuliza na hasira kidogo, juu mutu mukosefu anapendaka kukasirika: "Juu ya nini ulinyamaza? Wewe ni chef. Ungekata mikro!"

"Papa," aliniambia, "zamani ningekata. Sasa nikikata mikro, siku ya Mungu utakuwa kwa baba yangu."

Kisha nikatoa ile ingine, ile yenye ilikuwa inaniuma. "Na ile message ya groupe? Juu ya nini haukukuja kuniambia mie mwenyewe?"

Alianza kulia palepale. "Niliogopa, Papa. Tangu mutoto ninasikia sauti yako mu radio ya nyumbani. Nilisimama ku mulango yako, nikarudi. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena. Nikaona nikibaandikia bote pamoja, hautasema nimekuchagua wewe peke yako. Niliona njo heshima."

Unasikia, Masika? Yeye aliandika juu ya heshima. Mie nilienda kwa baba yake juu ya heshima. Bote wawili tulikuwa tunaheshimiana, na katikati yetu mama wa Kasugho akakuta udongo.

Sitakuambia ya kama bazee bako na haki, ao bijana bako na haki. Wewe umesoma kuliko mie, utapata maneno mazuri ya ile. Mie ninajua tu vile tulifanya nyuma yake. Nilimusimulia Kavira mambo ya ule muuza maharagi mwenye tulisoma amekufa, na akafungua macho: "Papa, mais ungeniambia!" Tukakubaliana: simu inapokelewa, mais mie ninapigia mutu wa pili wa familia, wa ingine nyumba, mbele tusome. Batu banajua sauti yangu, banajibu bila woga. Majina, tulibakisha ya baba, ya mama na ya kijiji. Bashemeji tuliwatoa. Nilipigania bashemeji sana, nilishindwa, na hakuna mutu amelia juu yabo mupaka leo. Tunasoma mara tatu kwa siku. Ya midi ni Kavira mwenyewe anasoma, na sasa anasoma muzuri kuliko mie, usimuambie.

Na nilirudi kwa Muzee Mbusa. Njo kazi ilikuwa nguvu kupita yote. Nilimuambia nilikuja kwake vibaya, neno ya kazi ilipaswa kubaki ku kazi. Aliniangalia kama mutu mwenye amelewa. "Sasa, Kasereka, ulinifanya nimufokee mutoto wangu na povu ku mikono, leo unataka nifanye nini? Nimuombe pardon?" Nikamuambia ndiyo, tutamuomba sisi wawili. Alisema bazee bote ba hii muji bamekuwa bapumbavu, mais alimuita. Kavira alitoka, akatuona tumesimama na kofia mu mikono, na akacheka mupaka akakaa chini. Ile siku njo nilianza kumuita chef, na moyo.

Sasa, juu ya Kakule.

Wakati nilikuwa kijana chini yake, nilibebaka mabatri. Radio yetu ilikuwa inatembea na mabatri ya gari, na mie nilikuwa napeleka kuzichajisha na kuzirudisha ku bega. Shati zangu zote zilikuwa na matundu ya acide. Kila mwezi nilisema: mwezi hii ataniita ku mikro. Hakuniita. Nilimuchukia, mutoto wangu, nilimuchukia kabisa. Siku moja nikachoka, nikamufokea: "Muzee, ni mupaka wakati gani?" Akashangaa. Akaniambia: "Nilikuwa nakungojea uulize. Niliona haupendi." Akanisogezea kiti yake. Mie nilimungojea aite, yeye aliningojea niulize. Nilipaswa kujifunza ile siku. Sikujifunza, juu nilipofika ku kiti yake nilikaa vilevile, nikingojea batoto benyewe bakuje.

Utamukuta amekaa vilevile. Usimuandikie mu groupe. Ukienda ku meza yake, umuulize nyumbani banalalaje, na uketi kweli, usikae ku makali ya kiti kama mutu mwenye taxi inamungojea. Atazunguka. Atakuambia mambo ya mabatri, ya mikro za zamani, ya bakubwa benye bamekufa. Mule ndani kuko vitu vya kazi, na kuko porojo tu. Mie mwenyewe sikuwezaka kuvitenga mbele nimusikie mupaka mwisho. Na ukikuta saa yake inapaswa kukatwa, uikate. Mie ningekata kidogo. Sijui. Ni wewe utakuwa pale, utaona.

Na kama utaogopa, umuambie unaogopa. Kavira angeniambia ile siku ya kwanza, ningemusogezea kiti.

Nimetoka kumupigia simu, nyuma ya chakula, pale ulisikia mulango. Nilisimama inje juu mama yako asisikie. Nilimuambia: "Muzee, nimekataa."

Hakuelewa. "Umekataa nini?"

"Kumuambia. Hapa nyumbani Masika ni mutoto wangu. Kule Beni ni chef wako. Ukiwa na neno juu ya saa yako, mulango yake ni pembeni ya studio. Gonga."

Nilifikiri unités za simu zimeisha. Nilifikiri pia nimepoteza rafiki, na nilianza kuumia, juu ninamupenda yule muzee. Nilimuambia jogoo yake nitaituma asubui.

"Achana na jogoo," alisema. "Mupikie mutoto, asafiri na nyama." Kisha nikasikia anakohoa, vile anakohoaka mbele ya kufungua mikro, na akaniuliza pole pole: "Kasereka, huyu chef. Chai, anakunywaka na sukari, ao bila sukari?"

Ninajua jibu, Masika. Ninakutilia chai tangu ukiwa na meno ya maziwa.

Nilimuambia: "Muzee, umuulize yeye mwenyewe."

Baba yako,
Kasereka